Mjomba anauliza kama hati ni safi

Mjomba wangu yuko Muscat, na si mtu wa kuandika ujumbe. Yeye hutuma sauti. Ile ya usiku ule ilianza na salamu ndefu, ikapitia habari za mama na za harusi inayokuja, ikaishia kwenye nyumba: vyumba viwili, ghorofa ya nne, roshani inayotazama bahari, pwani ya Iskele, Kupro ya Kaskazini. Dalali anataka kianzio kidogo, kinachobaki kitalipwa pole pole, benki haihusiki.

"Wewe umesoma huko," akasema. "Hebu niambie, mwanangu, hati yake ni safi?"

Nikamwambia, mjomba, nipe muda kidogo.

Muda wenyewe ukawa wiki, na wiki zikazaa wiki. Majibu nilikuwa nayo tele. Shida ni kwamba kila jibu nililolishika lilianzia mwaka wake, na ukibadilisha mwaka, jibu nalo linageuka.

## Daraja za koçan

Kaskazini ya Kupro hati ya ardhi huitwa koçan. Mwanafunzi wa Kiafrika akishuka Ercan hulijua neno hilo kabla hajajua kuomba maji, maana mabango ya nyumba za kuuza yanamsindikiza kutoka uwanja wa ndege hadi mlangoni kwake.

Madalali wamezipanga koçan kwa daraja. Ya juu ni ile ya kabla ya 1974, mwaka jeshi la Uturuki lilipoiteka kaskazini na kisiwa kikagawanyika, Wagiriki kusini, Waturuki kaskazini; ni ya ardhi ambayo tangu zamani ilikuwa ya Mturuki wa Kupro. Chini yake iko eşdeğer, hati ya kubadilishana: familia iliacha mali kusini, sheria ya 1977 ikaipimia mali hiyo kwa pointi, na kwa pointi hizo ikapewa mali ya Mgiriki iliyobaki kaskazini. Ya mwisho ni tahsis, ya waliogawiwa na serikali bila kuacha chochote kusini, wakiwamo walowezi walioletwa kutoka Uturuki. Bei hufuata daraja hizo hizo, na hilo pekee linakuonyesha kwamba soko linajua jambo ambalo kipeperushi cha dalali hakisemi.

Nikamwomba mjomba aulize. Jibu likarudi: eşdeğer, "imedhaminiwa na serikali."

Serikali ipi? Iliyotangazwa Novemba 1983, na ambayo mpaka leo, katika dunia nzima, ni Uturuki peke yake inayoitambua.

Iskele yenyewe zamani ikiitwa Trikomo, kijiji alichokulia Grivas, kamanda wa EOKA, wapiganaji wa Kigiriki waliopambana na Waingereza. Baada ya 1974 wakahamia hapo Waturuki wa Larnaca, wakaja na jina la mtaa wao wa bandarini. Leo maghorofa yanasimama hadi karibu na mchanga, na wanunuzi ni Warusi, Wairani, Waingereza, Waisraeli. Sasa na mjomba wangu.

## Rejista haikuungua

Nikiwa mgeni nilidhani mgogoro wa ardhi ni pale mipaka haijulikani, kila mtu anatajia mwembe wake. Kupro si hivyo. Waingereza waliipima, wakaisajili, na rejista ile haikuungua. Serikali iliyo kusini, yaani Jamhuri ya Kupro, bado inawaandika wenye mashamba ya kaskazini kwa majina yale yale ya kabla ya vita. Mzee akifa Limassol, kipande chake cha Kyrenia kinarithiwa kwenye makaratasi, wanawe wakawa wamiliki wa mahali wasipoweza kupanda hata mchicha.

Titina Loizidou alikuwa mmoja wa wenye majina hayo. Viwanja vyake viko Kyrenia. Mwaka 1989 alipeleka shauri dhidi ya Uturuki huko Strasbourg, na mwaka 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema bado ni mmiliki halali: jeshi kumzuia kufika hakumfanyi asiwe mwenye mali. Fidia ilipangwa 1998. Uturuki ikagoma, ikavutana, na mwishoni mwa 2003 ikalipa zaidi ya euro milioni moja pamoja na riba. Aliyelipwa ni mwanamke mmoja. Waliobaki nyuma yake ni watu zaidi ya laki moja na nusu waliokimbilia kusini 1974.

Kisa ambacho kila mnunuzi angepaswa kusimuliwa kabla hajatoa kianzio ni cha akina Orams. Mume na mke, Waingereza, walijenga nyumba ya kupumzikia na bwawa la kuogelea Lapithos, juu ya ardhi ya Meletis Apostolides. Mwaka 2003 vizuizi vya kuvuka vilipofunguliwa, mwenyewe akaja, akaona. Novemba 2004 mahakama ya Nicosia, ya upande wa Jamhuri, iliamuru nyumba ibomolewe, ardhi irudishwe na fidia ilipwe. Kaskazini hakuna polisi wa kuitekeleza hukumu hiyo, lakini Orams walikuwa na nyumba nyingine Uingereza. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema hukumu ya Nicosia inashika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na Januari 2010 mahakama ya rufaa ya London ikafuata.

Tangu 2006 kuuza, kununua au kupangisha ardhi ya mtu bila ridhaa yake ni jinai katika sheria za Jamhuri, kifungo hadi miaka 7. Kwa muda mrefu watu waliichukulia kama vitisho vya kwenye karatasi. Kisha 2024 mjenzi mmoja mkubwa akakamatwa akivuka kizuizi, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 5. Hata madalali wamefungwa.

Nikampelekea mjomba yote hayo kwa maandishi, na nilijivunia kidogo. Nilidhani mazungumzo yamekwisha.

Akanijibu kwa sauti, anacheka. "Haya mwanangu, nimekusikia. Na nyumba ya babu yako pale Majengo, imesimama juu ya ardhi ya nani?"

Watu wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa. Nyumba yako, ardhi ya mtu mwingine, kodi ya ardhi kila mwezi kwa mtu ambaye huenda babu yake alipewa waraka na serikali ya mkoloni wakati babu yako yupo pale pale, amelala. Nilitaka kumwambia hayo ni mambo mawili tofauti. Kisha nikajiuliza, ni tofauti kwa nani?

## Teyze na bwawa

Mwenye nyumba niliyopanga Famagusta tulimwita Teyze, yaani dada wa mama, kama wanafunzi wote walivyomwita. Kodi alichukua ya miezi sita mbele, kwa pauni za Kiingereza, na hakukuwa na kuombana. Lakini ukiumwa, sufuria ya supu ya ndimu ilikukuta mlangoni.

Alizaliwa bondeni upande wa Paphos, kijiji cha Waturuki. Kwake hadithi haianzi 1974. Inaanza Desemba 1963, pale serikali ya pamoja ilipovunjika, miaka mitatu tu baada ya uhuru. (Rais alikuwa Askofu Mkuu Makarios, yule ambaye jina lake limo kwenye seminari ya Kiorthodoksi ya Riruta, Nairobi.) Takriban Waturuki 25,000 walihama vijiji vyao na kusongamana kwenye maeneo yaliyozungukwa. Miaka 11 ya vizuizi na foleni za magunia ya unga, dunia haikusema lolote la maana. Kisha Julai 1974 wanajeshi wa Ugiriki wakampindua Makarios, siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka pwani ya Kyrenia, na Agosti 1975 makubaliano ya Vienna yakawaruhusu Waturuki wa kusini wahamie kaskazini. Teyze alikuja kwa basi la Umoja wa Mataifa.

Baba yake alipata pointi. Pointi zikawa nyumba ya Mgiriki, nyumba ikabomolewa miaka ya karibuni, pakajengwa hili jengo la wanafunzi. Koçan yake: eşdeğer.

Mwaka 2003 alishuka Paphos. Sehemu ya ardhi ya baba yake iko chini ya maji ya bwawa la Asprokremmos. Hata amani ikija kesho asubuhi, hakuna tume itakayomkabidhi mtu bwawa. Na zile ekari zilizosalia nchi kavu hawezi kuziuza, kwa sababu mali za Waturuki huko kusini ziko mikononi mwa mlinzi, ambaye ni Waziri wa Mambo ya Ndani, chini ya sheria ya 1991, mpaka suluhu ipatikane. Wakimbizi wa Kigiriki wamepewa wakae humo. Mitaa mizima imejengwa juu yake. Uwanja wa ndege wa Larnaca nao umekalia ardhi ya Waturuki.

Nilipokuwa nikisoma hukumu ya Orams nilishangilia moyoni. Nilipofika kwenye habari za mlinzi huyu nikasita. Kama hati haifi kwa kuwa jeshi limesimama juu yake, basi haifi pia kwa kuwa waziri ameiwekea kufuli. Ipo tofauti ya kisheria, naijua, kusini wanasema wamezishikilia kwa dhamana, hawajajimilikisha. Teyze hajawahi kuiona hiyo tofauti mezani kwake.

Mimi mwenyewe sikuwahi kufika kusini. Aliyeingia kisiwani kwa Ercan bila uraia wa Ulaya haruhusiwi kuvuka, kwa sababu kwa macho ya Jamhuri ameingia kwa mlango usio halali. Kwa hiyo kila ninachokijua kuhusu upande ule nimekisoma au nimehadithiwa. Msomaji alitie hilo kwenye mizani.

## Wakfu

Halafu kuna Varosha, na hapa ndipo kichwa kiliponiuma kweli.

Varosha ni ule upande wa Famagusta uliokuwa na mahoteli, Wagiriki wakaukimbia Agosti 1974, jeshi likauzungushia seng'enge, na haukukaliwa tena. Oktoba 2020 sehemu yake ilifunguliwa kwa watembezi. Unakodi baiskeli, unapita katikati ya maduka yenye mibao ya miaka ya sabini, kamba pande zote mbili, usiguse. Siku moja nilimkuta mzee na kijana wake wamesimama mbele ya jengo, wana nakala za makaratasi ndani ya faili la plastiki, wanalinganisha ramani na ukuta. Mgambo akawaambia wasonge.

Kama kuna mahali pepesi pa kuamua, nilidhani ni hapa. Hakuna mtu anayekaa. Rudisha.

Nikakutana na Evkaf. Hii ndiyo idara ya wakfu ya Waturuki wa Kupro, ina umri wa kutoka Waottomani walipokiteka kisiwa mwaka 1571. Wanasema Varosha karibu yote ni wakfu, wa Lala Mustafa Paşa na wa Abdullah Paşa, na kwamba wakati wa Waingereza ardhi hiyo iligawiwa watu binafsi kinyume cha sharia. Mwaka 2005 mahakama ya Famagusta ikawapa ushindi. Upande wa pili unajibu kwamba mambo hayo yalifungwa 1960, Waingereza walipoipa jamii ya Waturuki pauni milioni moja na nusu.

Nani katika Pwani yetu hajui uzito wa neno wakfu? Tumelelewa tukiambiwa hauuzwi, haurithiwi, haugawiwi, na aliyeula atajibu mbele ya Mola. Mjomba angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Na mimi nafsi yangu ilivutika huko, naomba nikiri, kabla akili haijauliza swali lake: ikiwa karatasi ya wakfu ya karne zilizopita inaifuta hati ya yule mzee mwenye faili, kwa nini hati yake yeye isiifute ya Teyze? Na kama tunarudi 1571, kwa nini tusirudi 1570, kabla ya hao mapasha?

Hapo ndipo nilipoliona gumzo zima kwa sura nyingine. Katika kisiwa hiki watu hawagombani sana juu ya kilichoandikwa kwenye rejista. Wanagombana juu ya mwaka wa kuifungua. Mgiriki anaifungua 1974, Mturuki 1963, Evkaf 1571, na dalali wa Iskele anaifungua leo asubuhi.

## Strasbourg yabadili sauti

Mahakama ile ile iliyompa ushindi Loizidou ilizungumza tena Machi 2010, shauri la Demopoulos. Katikati hapo Uturuki ilikuwa imeunda kaskazini Tume ya Mali Zisizohamishika, iliyoanza kazi 2006, ambako Mgiriki anaweza kuomba fidia, kubadilishana au kurudishiwa. Mahakama ikasema tume hiyo yatosha. Walalamikaji wapitie huko kwanza. Ikaongeza kwamba miaka 35 imepita, watu wengine wamezaliwa ndani ya nyumba hizo, na kuamuru zirudishwe zote kungekuwa kutibu dhuluma kwa dhuluma mpya. Mlalamikaji mmoja alikuwa mtoto mdogo sana 1974. Kuhusu dai lake kwamba pale ni nyumbani kwake, mahakama haikukubali, kwa vile maisha yake karibu yote ameyaishi kwingine.

Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Siku nyingine naiona ni busara tupu. Siku nyingine naiona kama zawadi kwa mwenye bunduki: kalia tu, zaa watoto humo, ngoja, wakati utakutolea hati.

Sijaamua. Ila nimegundua kitu kuhusu tume yenyewe. Maombi ni maelfu, wanaorudishiwa ardhi ni wachache mno, njia kuu ni pesa, na ukizipokea hati yako imekwisha. Pesa nazo huchelewa. Mwaka 2017 mahakama iliikuta Uturuki na hatia kwa sababu mwombaji mmoja aliyewasilisha shauri 2008 alikuwa bado anazungushwa. Waombaji wengi ni wazee. Kuchelewa, kwa mzee, ni jibu.

Na huku faili zikisubiri, zege inamiminwa. Jengo la mjomba halikuwepo nilipokuwa mwanafunzi. Likishajaa wakazi wa mataifa kumi, litaingia kwenye hesabu ya "watu wanaokaa humo", sawa na Teyze aliyekuja na basi. Mimi hilo silikubali. Kuna mtu aliyepewa nyumba kwa kuwa alikuwa amepoteza nyumba, na kuna aliyenunua roshani kwa kuwa bei ni nafuu, na bei ni nafuu kwa sababu mwenye ardhi yu hai na ananung'unika.

## Nani aseme kwanza

Wanasiasa wameligusa hili kuliko tunavyodhani. Mpango wa Kofi Annan wa 2004 uliweka hesabu: mwenye mali arudishiwe theluthi, kwa thamani na kwa eneo, kinachobaki alipwe kwa dhamana za muda mrefu, Varosha na Morphou zirudi upande wa Wagiriki. Aprili 24 wakapiga kura. Waturuki asilimia 65 ndiyo, Wagiriki asilimia 76 hapana. Wiki moja baadaye Jamhuri ikaingia Umoja wa Ulaya na hoja yake mkononi. Kaskazini wakaanza kujenga kwa kasi ambayo hawakuwa nayo kabla. Sijui kama kuna kura nyingine iliyomwaga zege nyingi kiasi hicho.

Mwaka 2015 Akıncı, kiongozi wa Waturuki wa Kupro, na Anastasiades, rais wa Jamhuri, walikubaliana kwamba haki ya mtu binafsi juu ya mali yake iheshimiwe, kuwe na tume ya pamoja, na njia ziwe tatu: fidia, kubadilishana, kurudishiwa. Pakabaki swali moja lililoonekana dogo. Mwenye hati na mwenye kukaa wote wakiitaka nyumba ile ile, nani achague kwanza? Walibishana juu ya vigezo: aliishi miaka mingapi, alizaliwa humo, ameijenga upya kwa kiasi gani, ana kwingine pa kwenda? Hawakumaliza. Julai 2017 mazungumzo yakavunjika Crans-Montana, Uswisi, zaidi kwa sababu ya majeshi na nchi wadhamini wa kisiwa (Uingereza, Ugiriki na Uturuki), na vigezo vikarudishwa kabatini.

Oktoba 2025 Waturuki wa Kupro walimchagua Tufan Erhürman, anayetaka kisiwa kiwe shirikisho moja, wakamwacha Tatar aliyetaka nchi mbili. Kwa hiyo kabati linaweza kufunguliwa tena.

Mjomba nilimwambia asinunue. Aliniuliza kama ni sheria au ni dhamiri, nikamwambia ni zote, akasema basi atafikiria, kauli ambayo kwa mjomba inaweza kuwa na maana yoyote.

Lakini kama ningeulizwa pa kuanzia, bado ningeanza na Varosha, pamoja na wakfu wake. Azimio namba 550 la Baraza la Usalama, la 1984, linasema pasikaliwe na yeyote ila wenyeji wake, na pakabidhiwe Umoja wa Mataifa. Kaskazini wakubali hilo, yule mzee aingie na faili lake, Evkaf wapeleke madai yao mbele ya tume ya pamoja kama mdai mwingine yeyote. Siku hiyo hiyo kusini wafungue daftari za yule mlinzi: ekari zipi, nani anakaa, kodi zilizokusanywa tangu 1975 ziko wapi, na Teyze analipwa nini kwa bwawa. Hayo hayahitaji kwanza wakubaliane juu ya majeshi wala bendera. Kila upande unasema uko tayari iwapo mwenzake atatangulia.